Niko Nairobi, bahari iko mbali, naisaidia aje?

MamaTwins_Umoja

Habari zenu wadau. Kuna kitu imenikaa kwa roho tangu Disemba na naomba mnisaidie.

Tulienda Malindi na watoto kumuona shangazi yangu, siku moja binamu yangu akatupeleka pale Sabaki, ule mto unaingia baharini kaskazini ya mji, nikaambiwa tutaona viboko na ndege na kweli tuliona. Lakini maji yenyewe rangi ni kama ya chai ya maziwa na inaingia baharini hivyo hivyo mpaka mbali, halafu pale kwa mchanga kulikuwa na mstari mrefu wa taka, vifuniko vya chupa, soli za ndara, vikombe vya yoghati, vijiti vya lolipopu, daipa, vipande vya nyavu. Nikasema kwa sauti, jameni watu wa huku mbona hivi. Binamu yangu hakukasirika, aliniambia tu polepole, "Dada, nyingi ya hizi zinatoka kwenu. Huu ndio Athi, na mto Nairobi unaingia kwa Athi."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimesimama kilomita mia tano hivi kutoka nyumbani na pengine naangalia kikombe mtoto wangu alitupa.

Sasa nimerudi Umoja na kila nikipita daraja pale Outering naangalia chini. Maswali yangu ni mawili. Kwanza, je ni kweli taka ya hapa inafika kule kote, na kama ni kweli mtu wa kawaida anaweza kufanya nini isipokuwa kuenda kuokota ufukweni mara moja kwa mwaka akipata nauli? Pili, sisi Jumapili huwa tunakula samaki wa bahari, mimi hununua soko la mjini, nimesikia kuna samaki ukinunua unasaidia kumaliza bahari. Ni gani? Naulizia wapi?

kijana_wa_mtoni

Binamu yako amekuambia ukweli mama. Mto Nairobi unatokea kule Ondiri, Kikuyu, unakuja unapita tao, Gikomba, unapita huku kwetu Korogocho na Dandora kando ya lile jaa, mto Mathare unaingia, Ngong unaingia, unashuka Ruai mpaka unakutana na Athi. Athi inapita Fourteen Falls, inaenda Ukambani, ikishakutana na mto Tsavo inaitwa Galana, ikikaribia bahari ndio inaitwa Sabaki. Mto ni ule ule, majina tu. Na kabla ifike baharini kuna watu Makueni na Kitui wanachota hayo maji, hiyo watu husahau.

Mimi niko na kikundi cha vijana tunasafisha kipande chetu cha mto kwa miaka kadhaa sasa, kwa hivyo wacha nikuambie kile nimeona na macho. Chupa ya maji na ya soda haikai kwa mto sana, kuna watu wanaiokota kwa sababu ina mnunuzi. Mtungi hauonekani kabisa, ukianguka dakika mbili umechukuliwa. Kile kinaenda mpaka Malindi ni kile hakina mnunuzi. Karatasi ya krispi, daipa, kikombe cha yoghati, pakiti ndogo za shampuu na sabuni, mifuko ya taka yenyewe, soli iliyokatika, spanji ya godoro. Hizo ukimpelekea mtu wa kilo, yule hununua taka kwa kupima, anakuangalia tu. Kwa hivyo kama unataka kupunguza, anza na hizo nyumbani kwako, usianze na chupa.

Kitu ingine ni mvua. Mwezi wa kwanza na wa pili taka inakaa kwa mitaro imelala tu, watu wanafikiri imeisha, halafu mvua ya Machi ikigonga siku moja ile yote ya miezi inabebwa kwa masaa machache. Sisi tulikuwa tumefunga kizuizi cha mitungi na neti kuvuka mto, kilikuwa kinashika vizuri sana, mafuriko ya 2024 yalikuja yakaking'oa na nguzo zake. Tangu hapo tuliamua nguvu yetu iende kwa mitaro kabla ya mvua, Februari na tena Septemba. Gunia moja umetoa kwa mtaro wa esteti mnamo Februari ni gunia halitafika Sabaki, na ni rahisi mara kumi kuliko kulitoa kwa mto na mara mia kuliko kulitoa kwa mchanga ikishasagika vipande.

BabaShiru

Naheshimu kazi ya vijana lakini mimi naona tunabebesha mzigo mtu mdogo. Kumbuka karatasi za plastiki za dukani. Miaka mingi tuliambiwa tusitupe, tuokote, tufundishe watoto, na bado zilikuwa kila mti na kila mtaro, mbuzi wanakufa nazo tumboni. Tarehe 28 Agosti 2017 zikapigwa marufuku, faini mpaka milioni nne au jela mpaka miaka minne, na ndani ya muda mfupi mtu akaanza kubeba kikapu bila hata kulalamika. Najua zingine bado zinaingizwa kupitia mpakani lakini linganisha na zamani. Kile kilibadilisha hali ni kwamba kitu hakikutengenezwa tena.

Na sheria ya taka ya 2022 tayari inasema tutenganishe taka nyumbani, inayooza kando na isiyooza kando, na anayetengeneza bidhaa pia awajibike na mabaki yake. Sasa uliza kwenu ni lori gani inakuja kuchukua mbili tofauti. Hapa kwetu tulitenganisha miezi mitatu, mifuko ya rangi mbili, jamaa wa lori wakaja wakatupa zote pamoja mbele yetu. Watoto waliumia sana kuona hivyo.

Hapa hapa Nairobi, Gigiri, Machi 2022, nchi zilikubaliana kuanza kuandika mkataba wa dunia nzima kuhusu plastiki. Sisi wenyeji wa mji huo ndio tungekuwa wa kwanza kuuliza diwani na mbunge, hizo pakiti ndogo zinaisha lini?

kijana_wa_mtoni

BabaShiru sikupingi hata kidogo, zile pakiti ndogo nazichukia kuliko mtu yeyote hapa. Lakini mvua ya Machi haingoji mkataba. Tufanye zote mbili.

binti_wa_gazi

Salamu alaikum. Mimi ni mzaliwa wa Gazi, Kwale, niko South B kwa kazi, babangu ni mvuvi mpaka leo. Nitajibu la samaki.

Dadangu, usiangalie jina la samaki peke yake, uliza alivuliwa na nini. Samaki huyo huyo changu, akivuliwa kwa mshipi au kwa lema, mtego wa kusuka, hana shida, akivuliwa kwa juya ni shida. Juya ni ule wavu mrefu wanaukokota kutoka majini hadi ufukweni, watu wengi wanavuta, unakomba kila kitu, nyasi za bahari, vitoto, mpaka mawe ya matumbawe yanavunjika. Umekatazwa kisheria lakini bado upo. Kuna na nyavu za uzi wa plastiki kama wa mshipi, zikikatika zinabaki chini zinaendelea kunasa samaki na kasa na hakuna wa kuwatoa. Na bunduki za mishale kwenye miamba.

Babangu anatega malema. Zamani lema lilikuwa linashika hata samaki tafi wa saizi ya kidole. Watafiti walikuja wakawaonyesha wavuvi kuacha upenyo mwembamba pembeni, vitoto vinatoka, wakubwa wanabaki. Mwanzo wazee walikataa, wakasema tutatoa chakula cha watoto wetu kwa dirisha? Babangu alijaribu kwa malema mawili tu kati ya yote, akawa anahesabu mwenyewe. Idadi ilipungua lakini samaki waliobaki walikuwa wakubwa na mnunuzi analipa zaidi kwa kilo. Sasa anasuka yote hivyo.

Kilifi kuna Kuruwitu, wavuvi wenyewe walikaa chini wakaona miamba imekufa na samaki hawapo, mwaka 2005 wakafunga kipande cha bahari kama hekta 30, hakuna kuvua humo. Sisi tunaita tengefu. Samaki wakazaa humo ndani, wakajaa, wakaanza kumwagika nje kwa wavuvi. Si rahisi lakini, kuna watu huingia usiku, na kijana akiwa na njaa ni vigumu kumwambia subiri miaka mitatu. Ndio maana vikundi vya BMU, vile vya wavuvi vya kusimamia ufuo, vinahitaji nguvu na mafuta ya mashua ya doria, wala si semina tu.

Kwetu Gazi kuna Mikoko Pamoja, kijiji kinalinda mikoko na kuuza hewa ya ukaa tangu 2013, yaani kinalipwa kwa ile hewa mikoko inafyonza, pesa imeingia kwa maji na shule. Mikoko ndio nyumba ya vitoto vya samaki na kamba, ukikata mkoko umekata samaki wa miaka inayokuja.

Halafu nakuomba kwa moyo, usinunue samaki anaitwa pono. Najua ni rangi nzuri na bei si mbaya. Pono ndiye anayesafisha miamba, anakwangua mwani ambao ungefunika matumbawe, na lile jiwe analotafuna linatoka kama mchanga. Ule mchanga mweupe mnaokuja kulalia, mwingi umepita tumboni mwa pono.

samaki_fresh_mjini

Mimi nauza samaki tao miaka 11. Binti wa Gazi amesema vizuri, naongeza tu ya sokoni.

Wateja wa Nairobi wanataka samaki wa kutoshea sahani. Hoteli zinaniambia hivyo, mama wa nyumbani ananiambia hivyo, samaki mzima, mmoja, sahani moja. Sasa samaki wadogo wa hivyo, wengine hawajawahi kutaga hata mara moja. Sisi tunapiga simu Pwani tunaagiza saizi hiyo, na huko mtu anachagua wavu wa saizi hiyo. Kwa hivyo mama, badala ya wadogo wanne nunua kipande cha mkubwa, nguru, kolekole, jodari. Hao wengi wanavuliwa kwa mshipi nje ya miamba.

Kuna na majira. Upepo wa Kusi ukishavuma, kuanzia Aprili mpaka Agosti hivi, mashua ndogo haziwezi kutoka nje, bahari ni kali, wote wanabanana ndani ya miamba na hapo ndipo vitoto viko. Lakini Nairobi oda hazipungui. Mimi miezi hiyo nawaambia wateja wangu chukueni tilapia wa bwawa, nguru arudi upepo wa Kaskazi ukirudi. Wengine wananihama, wengi wamezoea.

Na kamba mawe akiwa na mayai chini ya tumbo, usimguse, na muuzaji umwambie kwa nini.

MamaTwins_Umoja

Nimesoma zote mara mbili, asanteni sana. Pono nimekula mwaka mzima bila kujua, hilo limeniuma.

Jana nilifanya hivi. Niliweka ndoo tatu jikoni, ya kuoza, ya kuuza, na ile ya tatu ya vile havina mnunuzi. Kwa siku moja tu ya tatu ilikuwa imejaa na nilikuwa nafikiri mimi si mchafuzi. Sabuni na shampuu za pakiti ndogo nimeacha, nitanunua kubwa nigawane na jirani. Kiongozi wa koti yetu, kipande chetu cha esteti, nimemwambia tufungue mtaro wa nyuma kabla ya Machi, amekubali mradi mimi nitafute watu, nina wamama sita na watoto wao wakubwa.

Kijana wa mtoni, hatuna vifaa na hatujui tukishatoa tunapeleka wapi ili lori isiimwage mtoni tena. Unaweza kuja?

kijana_wa_mtoni

Nakuja na vijana wanne na reki. Jumamosi ya kwanza ya Februari, saa moja asubuhi, kabla jua. Magunia mtafute nyinyi, angalau arobaini, na kila mtu avae gambuti na glavu, kwa mitaro kuna chupa zimevunjika na sindano. Watoto wadogo wabaki juu wahesabu magunia. Ya kuuza nitapanga na mtu wa kilo aje na mkokoteni hapo hapo, na ile ya mwisho tutaipeleka sisi wenyewe mpaka ndani ya jaa, hatuachii mtu njiani.

binti_wa_gazi

Na mimi nipo, niambieni tu ni koti gani.