Apatimenti za kulala kwa siku Dodoma: zisajiliwe kama gesti au ziachwe zilivyo?

Wakuu, hoja hii kila msimu wa Bunge la bajeti inaibuka na kila mtu anaivutia kwake, basi naiweka hapa tuimalize. Wapo wanaosema nyumba na apatimenti zinazokodishwa kwa siku, kuanzia Kisasa na Ilazo hadi Njedengwa na Ihumwa, ni gesti kama gesti nyingine: zikate leseni, ziandikishe wageni, zilipe ushuru wa jiji. Wapo wanaosema mtu amejenga kwa jasho lake, amlaze amtakaye kwa bei waliyoelewana, halmashauri isiingize mkono. Mimi niko na wa kwanza, ila kuna mahali nawakatalia.

Tuanze na sababu za nyumba hizi kupata wateja, kwa sababu wenye hoteli huzungumza kana kwamba wateja wao wameporwa. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 Dodoma mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179. Katikati hapo serikali ikahamia, mji ukawa jiji Aprili 2018, kisha mwaka 2024 treni ya SGR ikaanza kubeba abiria, leo mtu anatoka Dar na kufika kwa chini ya saa nne. Halafu kuna msimu wenyewe, Aprili hadi mwisho wa Juni: wizara, taasisi, mashirika na kila mwenye lake la kufuatilia bungeni wanashuka kwa pamoja. Vyumba vya katikati ya mji vinajaa, na vilivyobaki bei yake haishikiki.

Sasa chukua mtumishi wa ngazi ya chini. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2022, posho yake ya kujikimu ni shilingi 100,000 kwa siku. Humo humo kuna malazi, chakula, na nauli ya kwenda Mji wa Serikali Mtumba, kilomita 17 hivi kutoka mjini. Watumishi watatu wakichangia nyumba ya vyumba vitatu Njedengwa, wakanunua unga, mchele na mboga wakapika wenyewe, asubuhi tayari wako upande wa kuelekea Mtumba. Usiwaambie hao habari ya kifungua kinywa cha hoteli.

Na kuna watu ambao mjadala huu huwasahau kabisa: wanaouguza. Hospitali ya Benjamin Mkapa inapokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa mingine. Mgonjwa akiruhusiwa na kuambiwa arudi kliniki baada ya wiki, hawezi kupandishwa basi kurudi kwao Singida au Tabora kisha arejeshwe tena. Anahitaji uji, supu, maji ya moto ya kuoga, na mahali pa kumfulia na kumwanikia nguo. Chumba cha gesti chenye kitanda, feni na ndoo hakimfai. Nyumba yenye jiko inamfaa sana. Anayetaka zipigwe marufuku awaambie hawa watu waende wapi.

Kwa hiyo la kuchagua kati ya hoteli na apatimenti sioni kama ni gumu. Uko peke yako, unalala usiku mmoja au miwili, una kikao asubuhi: lala hoteli au lodge. Mko kikundi, au familia, au unakaa wiki na zaidi: chukua apatimenti. Ugumu uko kwingine, kwenye nani anawajibika mambo yakiharibika.

Hoteli ina mapokezi. Maji yakikatika saa tano usiku unashuka, unamkuta mtu, unamwambia. Kwenye nyumba ya siku unamwambia nani? Unafika usiku, funguo umepewa na kijana wa bodaboda, mita ya LUKU ukutani inalia, uniti zimebaki mbili. Unatafuta namba ya mita ununue umeme kwa simu, unaikuta imeandikwa kwa kalamu nyuma ya mlango wa kabati, tarakimu mbili za mwisho zimefutika. Unampigia mwenyeji, simu imezimwa. Na Dodoma hii yenye mgawo wa maji, simtank ya nje inaweza kuwa tupu siku uliyofika, na hakuna aliyekuambia boza la maji linaagizwa wapi. Ulishalipa kwa simu, risiti huna, na shirika lako linataka risiti ya mashine ya kodi (EFD) ndipo likurudishie hela. Hapo hata pa kulalamikia hapapo.

Majirani nao wana kesi yao, na ni nzito. Nyumba nyingi za mitaa ile zinachangia geti moja na uwanja mmoja. Mama mwenye watoto anaamka kila Jumamosi na sura mpya uani, hajui ni nani, wanaondoka lini. Kukitokea wizi, mwenyekiti wa mtaa ndiye anayegongewa, naye hana hata jina la aliyelala pale. Tena kuna wapangaji wa kudumu. Mwalimu mmoja ninayemfahamu mkataba wake uliisha, mwenye nyumba akakataa kuuongeza, akaweka makochi na friji, nyumba ikawa ya kulala kwa siku. Yule mwalimu sasa anapanda daladala mbili kufika shuleni.

Na mwenye lodge ya vyumba kumi Chang'ombe naye asikilizwe. Analipia leseni, analipa ushuru wa nyumba za kulala wageni, wanamkagua watu wa afya na wa zimamoto. Jirani yake anauza huduma ile ile bila hata kizimamoto kimoja ndani. Kumwambia huyu avumilie ushindani ni kumwonea.

Pale ninapowakatalia wenzangu ni kwenye kudai nyumba hizi zifuate kila kitu cha gesti. Mchangiaji mmoja aliandika kwamba aliacha gesti kwa sababu ya kile kitabu cha mapokezi: jina, kabila, umetoka wapi, unakwenda wapi, kazi, sahihi, na kila anayeandika baada yako anasoma mistari yako yote. Ana haki. Kabila langu linamsaidia nini mtu aliyenipangisha kitanda? Mwenyeji abaki na jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu ya mgeni, azihifadhi mwenyewe, azitoe polisi wakizihitaji kwa utaratibu. Wala hakuna haja ya kulazimisha dawati la mapokezi na kibao cha barabarani kwa nyumba ya vyumba viwili.

Ninachotaka ni kidogo. Nyumba ijulikane ofisi ya mtaa. Ilipe ushuru kwa idadi ya vyumba, mdogo kuliko wa hoteli. Iwe na kizimamoto, na namba ya mtu anayeishi karibu ambaye anapokea simu usiku. Mgeni apewe risiti bila kuiomba.

Najua jibu litakalokuja: mtawapa watendaji wa mitaa mradi mpya wa kula. Hofu hiyo ina msingi, wala siipuuzi. Lakini hela za serikali siku hizi zinalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kupitia simu au benki. Ofisi ya mtaa iandikishe tu, isiguse shilingi. Atakayeomba fedha mkononi atakuwa anaomba rushwa waziwazi, na kumripoti ni rahisi zaidi kuliko leo.

Limebaki moja ambalo upande wowote haujaligusa. Wenye nyumba wengi wako Dar, wanaogawa funguo ni vijana wa hapa wanaolipwa kwa mgeni mmoja mmoja. Leseni iandikwe jina la nani? Mimi nasema la mwenye hati, na jina la msimamizi lijazwe pembeni yake, ili lawama zisimwangukie kijana peke yake. Wenye nyumba mliomo humu, na ninyi mnaozisimamia, mtakubali hilo au mna njia nyingine?