Simu na GPS ya gari: zinabahatisha kwa sauti ile ile ya uhakika, na sisi tunashangilia

Wakuu, uzi huu si wa kuuliza ipi ni bora kati ya simu, GPS ya gari na ramani ya karatasi. Swali hilo limeshaulizwa mpaka limechakaa, na majibu ni yale yale. Mmoja anasema "tumia simu tu, vifaa vya GPS vya kubandika kwenye kioo vimepitwa na wakati." Wa pili anajibu kwamba simu zinapoteza watu. Wa tatu anakuja na ramani ya karatasi kaishika kama msahafu. Hakuna anayesema kila kimoja kinafelia wapi na kwa nini. Watengenezaji nao kimya.

Malalamiko yangu ni haya: programu ya kuelekeza njia ikiwa na uhakika na ikiwa inabahatisha, inaongea vilevile. "Baada ya mita mia mbili, kata kushoto." Iwe ni lami iliyohakikiwa, iwe ni mstari ambao mtu kauchora kutoka kwenye picha ya satelaiti bila kufika, sauti haitetemeki. Dereva atajuaje?

Tuanze na simu maana ndiyo inayosifiwa. GPS haili bando, jamani. Simu inasikiliza tu mawimbi ya satelaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi, na inahitaji angalau nne. Tatu hazitoshi kwa sababu saa ya simu si sahihi kiasi hicho, kwa hiyo ya nne inasawazisha muda. Bando linaliwa na picha ya ramani, kutafuta jina la mahali, kupanga njia upya na taarifa za foleni. Ndiyo maana mtandao ukikata, doti inaendelea kutembea lakini juu ya ukurasa mtupu.

Mtandao una kazi nyingine isiyotajwa: unaiambia simu haraka kila satelaiti iko wapi. Ukikosekana, simu inabidi izisubiri taarifa hizo kutoka angani, na kila satelaiti hurudia za kwake kila sekunde 30. Paa au miti ikikatiza katikati, inasubiri mzunguko mwingine. Mtu anawasha programu ndani ya gereji, sehemu isiyo na mtandao, anaondoka papo hapo, halafu analalamika simu ni mbovu. Toka nje, simama penye anga wazi, subiri dakika moja mbili, ndipo uondoe gari.

Sasa itazame skrini kwa makini. Kabla hujabonyeza kuanza safari, doti ya buluu ina duara hafifu pembeni. Duara hilo ndilo kiwango cha kosa: likiwa dogo simu ina uhakika, likitanuka mpaka likafunika mitaa mitatu, inakisia. Bonyeza kuanza, duara linatoweka! Badala yake unapewa mshale uliokaa katikati ya barabara kana kwamba umegandishwa na gundi. Mshale hauko pale kwa sababu gari liko pale. Programu imeuvuta kwenye barabara iliyo karibu zaidi na makisio yake. Yaani taarifa moja ya kweli waliyokuwa wanatupa, wameificha pale hasa tunapoihitaji.

Na kosa lenyewe si dogo kila mahali. Anga likiwa wazi, simu ya kawaida hukosea mita 5 hivi. Kati ya maghorofa mawimbi yanagonga kuta kwanza ndipo yafike, na kosa linaweza kufika makumi ya mita. Barabara kuu na ya pembeni yake zikiachana mita 10, au daraja la juu likipita juu ya barabara nyingine, mshale unachagua moja, na unaweza kuchagua siyo. Penye barabara pacha fuata vibao. Programu ikianza kupanga njia upya wakati hujakata kona yoyote, ujue imekuhamishia barabara ambayo haupo. Kwenye handaki refu ndiyo kabisa, satelaiti hazionekani, simu inaendelea kusogeza mshale kwa kukisia mwendo wako wa mwisho. Mfumo uliojengwa ndani ya gari kiwandani unajikongoja vizuri zaidi hapo, kwa kuwa magari mengi ya aina hiyo yanaupa taarifa za mzunguko wa magurudumu na za kugeuka kwa gari.

Ile amri ya kugeuza gari kabla hata hujaanza kwenda inatokana na kwamba GPS inajua mwelekeo kwa mwendo tu. Ukiwa umesimama, simu inategemea dira yake ya ndani, na hiyo dira inavurugwa na sumaku ya stendi ya simu mnayoisifia kila siku. Usigeuze. Tembea mita 20 au 30 pale panaporuhusu, mshale utajirekebisha.

Kuhusu ramani za kupakua. Google Maps inakuruhusu kupakua eneo, lakini ukiwa bila mtandao unapewa maelekezo ya kuendesha gari pekee, bila foleni, bila njia mbadala, bila kuonyeshwa ukae upande upi wa barabara. Ramani hiyo ina tarehe ya kuisha, na masasisho kwa kawaida hushuka kwa Wi-Fi. Asiyeunganisha simu na Wi-Fi anaweza kuikuta imeisha siku ya safari. Waze, programu nyingine ya njia na foleni, haina ramani ya kupakua. Njia ianzishe ukiwa na mtandao na usiifunge njiani. Programu za Organic Maps na OsmAnd zinahifadhi nchi au mkoa mzima ndani ya simu na kupanga njia bila mtandao. Hizo zinatumia OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Faida: kosa unaweza kulirekebisha mwenyewe. Hasara: kama aliyechora hakuandika kwamba barabara ni ya vumbi au ya changarawe, programu inaipa mwendo wa kukadiria kulingana na aina yake (barabara kuu au ndogo), na wewe unaambiwa utafika saa tisa na robo. Robo!

Foleni nazo. Rangi za foleni kwenye ramani zinatokana hasa na simu zinazotembea barabarani. Msanii Simon Weckert alilionyesha hilo Berlin mwaka 2020: alivuta kigari chenye simu 99, Google Maps ikapaka mtaa mtupu rangi nyekundu. Sasa geuza upande wa pili. Barabara isiyo na rangi yoyote maana yake hakuna taarifa. Daraja linaweza kuwa limeondoka na maji, skrini ikabaki safi, kwa kuwa hakuna simu iliyopita kuripoti.

Umeme na joto, nipite haraka. USB ya magari mengi ya zamani inatoa ampea 0.5 kwa volti 5, yaani wati 2.5. Skrini inayowaka muda wote pamoja na GPS na mtandao inaweza kula kuliko hapo, ndiyo maana simu "inachaji" huku asilimia zinashuka. Tumia chaja ya soketi ya kuwashia sigara, ampea 2 au zaidi, na waya mzima. Joto je? Apple yenyewe inaandika kwamba iPhone itumike kwenye hewa ya nyuzi 0 hadi 35. Dashibodi juani inapita hapo bila jasho. Simu ikichemka inafifisha skrini, inaacha kuchaji, mwisho inajifunga. Ibane kwenye tundu la AC (hita ikiwashwa, ihamishe), isizibe kioo cha mbele wala isikae njia ya mfuko wa hewa (airbag).

Kisha kuna kosa ambalo halina uhusiano na satelaiti kabisa: mahali pa kwenda. Mwaka 2009 watalii wawili kutoka Sweden waliokuwa wanakwenda kisiwa cha Capri, Italia, walifikishwa Carpi, mji wa kaskazini ulio zaidi ya kilomita 500 kutoka huko, kwa sababu ya herufi mbili kugeuzwa. Mashine haikuuliza. Mwaka 2012 polisi wa jimbo la Victoria, Australia, walionya watu wasitegemee ramani mpya ya Apple kwenda mji wa Mildura. Pini ilikuwa imewekwa ndani ya hifadhi, kilomita 70 hivi kutoka mji wenyewe, mahali pasipo na maji. Pini ile ilionekana sawasawa na pini nyingine zote. Kwa hiyo ukishaandika jina, usibonyeze kuanza. Punguza ramani hadi uone njia nzima, soma jumla ya kilomita, jiulize kama zinaingia akilini.

Mkitumiana namba za mahali badala ya jina, jueni kwamba 6°30′ ni 6.5, wala si 6.30. Dakika ziko 60 kwenye nyuzi moja. Ukikosea hapo umekosea nyuzi 0.2, ambazo kwa latitudo (namba ya kaskazini-kusini) ni kilomita 22. Kusini mwa ikweta weka alama ya kutoa mbele ya latitudo, la sivyo unapelekwa upande wa pili wa ikweta. Tarakimu tano baada ya nukta zinatosha, hiyo ni kama mita moja. Anayetuma tarakimu mbili anakupa makisio ya kilomita nzima.

Haya, nyie wa GPS ya gari msicheke. Kifaa chenu kina ramani ndani, hakihitaji bando, hakikatizwi na simu inayoita, na chaguo la kukwepa barabara zisizo na lami mara nyingi kinalo. Lakini ile "sasisho za ramani maisha yote" iliyoandikwa kwenye boksi, maisha ya nani? Someni maandishi madogo: ni maisha ya kifaa kama mtengenezaji anavyoyahesabu. Mwaka 2018 kampuni moja kubwa iliwatangazia wenye vifaa vya zamani kwamba ramani mpya hazitakuja tena, vifaa vikiwa bado vinawaka. Halafu tarehe 6 Aprili 2019 namba ya wiki ya GPS, ambayo satelaiti huituma ili kifaa kijue tarehe, ilirudi sifuri, kwa kuwa mawimbi ya GPS ya mfumo wa zamani yanahesabu wiki 1,024 tu kisha yanaanza upya. Kifaa ambacho programu yake haikusasishwa kinaweza kuonyesha tarehe ya karibu miaka 20 nyuma, na muda wa kufika ukawa kituko. Ukinunua kifaa kilichokwisha tumika, kiwashe nje, kikishapata satelaiti tazama tarehe, kisha fungua ukurasa wa taarifa za kifaa usome toleo la ramani. Toleo jipya lisipoingia kwenye kumbukumbu ya ndani, weka kadi ya kumbukumbu kama tundu lipo. Usichomoe waya wa kompyuta sasisho likiwa katikati.

Na tafadhali, ondoeni chaguo la "njia fupi zaidi". Fupi ni kilomita tu. Ikiokoa mita 400 kwa kukupitisha vichochoroni au shambani kwa mtu, itakupitisha.

Karatasi sasa. Ina makosa yake: haijui foleni, haijui daraja lililojengwa baada ya kuchapishwa, na dereva aliye peke yake hawezi kuisoma huku anaendesha. Ila ukingoni imeandikwa mwaka wa kuchapishwa na kipimo chake. Inakuambia waziwazi inajua nini na tangu lini. Kwa gari, 1:1,000,000 (sentimita 1 ni kilomita 10) inatosha kupanga safari ndefu, 1:250,000 (sentimita 1 ni kilomita 2.5) ndiyo ya kuchagua barabara, na 1:50,000 ni ya kutafuta njia ndogo za mashambani. Penye kona nyingi usipime kwa rula. Laza uzi juu ya barabara ukifuata mikunjo, unyooshe, ndipo uupime. Soma ufunguo wa alama kwanza, maana mstari uliokatikakatika kwenye ramani moja ni njia ya miguu na kwenye nyingine ni barabara ya msimu wa kiangazi. Andika kwenye kikaratasi majina ya miji ya kupitia na kilomita kati yake, bandika unapopaona. Simu ikikutaja mji usio kwenye kikaratasi, egesha ukague.

Hicho ndicho ninachokidai kwa watengenezaji: mstari wa njia ubadilike rangi pale ambapo aina ya barabara haijathibitishwa, na duara la kosa lirudi wakati wa safari. Taarifa zote mbili wanazo tayari.

NYONGEZA: Walioniuliza kuhusu malori na mabasi marefu. Programu za kawaida za magari madogo haziulizi kimo wala uzito wa gari, kwa hiyo hazina namna ya kukukwepesha daraja lenye nafasi ndogo chini yake. Mnahitaji kifaa au programu ya malori inayojazwa kimo, upana, urefu, uzito wa jumla, uzito kwa ekseli na aina ya mzigo wa hatari. Hata hiyo inajua tu vizuizi vilivyoingizwa kwenye ramani yake, kwa hiyo kibao cha barabarani kinaishinda. Kule Durham, North Carolina, Marekani, daraja la reli linalojulikana kwa kukwangua malori, lililokuwa na nafasi ya futi 11 na inchi 8 chini yake, liliinuliwa mwaka 2019 hadi futi 12 na inchi 4, kama mita 3.76, na bado magari yanajikwangua. Kimo kipimeni gari likiwa tupu, kwa sababu mzigo unakandamiza springi na tela tupu linakaa juu zaidi. Mzigo ukipita kimo cha bodi, pimeni mpaka ncha ya mzigo, kisha ongezeni turubai na kamba.