Ushirika umenipokea vizuri, lakini nataka kuacha kwenda. Naomba ushauri

Mhaya_Kireka: Wakuu, habari za usiku. Mimi ni mtu wa Bukoba, niko Kampala tangu 2018, nauza spea Kiseka, nimepanga muzigo, chumba kimoja, Kireka. Miaka yote hiyo aliyekuwa anabisha mlango wangu ni mwenye nyumba peke yake, tena mwisho wa mwezi. Jumapili nanunua roleksi mbili, chapati za kuviringishia mayai, nakula kitandani, kunakucha. Juzi juzi jirani akanivuta kwenye ushirika wa walokole, Jumatano jioni. Wamenipokea kama ndugu yao. Sasa nafikiria kuacha. Je, mtu akisali peke yake chumbani, upweke hauwezi kuisha?

MamaPacha_Jinja: Usiache! Mume wangu alipofariki, jumuiya ndiyo iliyonishika. Rozari Alhamisi hii kwangu, ijayo kwa jirani. Siku sina sukari walikunywa hivyo hivyo, hakuna aliyekunja uso. Pacha wangu sasa wako sekondari, mmoja anataka upadri, mwingine hataki hata kuamka.

Boda_Ntinda: Oa, mkuu. Ushirika wa watu wawili.

Shangazi_Busia: Mwanangu, mtu hakimbii moto wakati wa baridi. Umefanya nini?

Mhaya_Kireka: Sijafanya kitu, shangazi. Mambo madogo tu.

Shangazi_Busia: Madogo hayamwamshi mtu saa saba usiku.

Mhaya_Kireka: Sawa. Jumatano ya pili walipoimba nililia kama mtoto. Wakaniuliza, nikasema nimefiwa na mama. Ni kweli. Ila alifariki Julai 2020, mpaka umefungwa, Mutukula wanapita wa malori ya mizigo tu. Nilimzika kwa simu, na chaji ikaisha kabla hawajatupa udongo. Wao wakadhani ni wiki hiyo. Kesho yake wakaja watu 14 kwenye chumba changu, wengine wakakalia ndoo. Mama mmoja akachukua sufuria yangu yenye ukoko wa juzi akaisugua pale mlangoni, hakuniuliza kitu. Wakaacha mabugo, yaani rambirambi, shilingi 380,000. Sikuomba! Ningewakatizaje watu wanasali? Kodi nimeshalipa. Mimi sioni kama nimedanganya, nilinyamaza tu.

Mzee_Kabale: Uamsho ulipotoka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukafika kwetu Kabale, waliookoka walikuwa wanatubu mbele za watu na kurudisha walivyoiba. Babu yangu alirudisha pampu ya baiskeli. Bosi wake hata hakuwa anajua kama imepotea, akamfukuza kazi siku hiyo hiyo. Babu alisimulia habari hiyo akicheka mpaka uzee wake. Pampu za zamani zilikuwa za chuma, si hizi za sasa.

Mlokole_Kamili: Galatia 6:2, mchukuliane mizigo. Haikusema mlipiane kodi ya muzigo.

Mchunguzi_Mbarara: Chai hii, sukari iko wapi? Mpaka ulifungwa Machi 2020, hapo sawa. Lakini ulishafunguliwa zamani. Mutukula hadi Bukoba ni kama kilomita 80. Mtu hajafika kaburini kwa mama yake mpaka leo? Kamba tupu.

Boda_Ntinda: Daah. Nirudishiwe machozi yangu.

MamaPacha_Jinja: Na mimi nimeshamtaja kwenye sala! Mods mko wapi?

Mhaya_Kireka: Mchunguzi, kaka zangu walisema maneno hayo hayo. Kwamba njia za panya zilikuwepo, ningetaka ningepita. Niliogopa kukamatwa. Mpaka ulipofunguliwa nikaona aibu, na aibu nayo ikakaa miaka. Amini usiamini.

Mchunguzi_Mbarara: Mtunzi mzuri. Endelea na sehemu ya pili.

Shangazi_Busia: Mwacheni kwanza. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo wakaharibu, kama nyinyi. Mwanangu, kuna lingine. Sema.

Mhaya_Kireka: Wamekodi taksi. Jumamosi alfajiri tunakwenda wote kaburini. Kiongozi amenipigia jioni kuuliza tumpelekee baba sukari kilo ngapi.

Shangazi_Busia: Ukamjibuje?

Mhaya_Kireka: Tano.