Naomba ushauri: nina selimundu na kikundi chetu cha maombi kinafunga kavu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, naombeni ushauri wenu. Mimi ni dada wa miaka 27 nipo Mwanza, nina selimundu (sickle cell, ule ugonjwa wa damu wa kurithi) tangu utotoni, natumia dawa za foliki asidi na haidroksiyurea kila siku na namshukuru Mungu maumivu yamepungua sana. Shida ipo kwenye maombi, kikundi chetu tunafunga kavu, yaani bila chakula wala maji, mpaka jioni halafu tunaunganisha mkesha, sasa mimi nikikosa maji au nikipigwa na baridi ya usiku mifupa inaanza, miguu na mgongo vinauma mpaka kujigeuza kitandani siwezi. Nimemweleza kiongozi wetu akasema kama naamini kweli niache na dawa. Imeniuma jamani, maana naamini kabisa Mungu anaponya, ila hata Paulo aliomba mara tatu ule mwiba umtoke akaambiwa neema yangu yakutosha, na Timotheo akaambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Dawa siachi, hilo nimeshaamua.

Naomba kujua, nyie wenye magonjwa ya kudumu mnafungaje? Na huyu kiongozi nimjibuje bila kumvunjia heshima, au niende tu kwa mchungaji?