Kaseti na santuri za bibi zetu: tupeane uzoefu wa kuziokoa

Mtunzakanda: Wakuu, sauti za bibi zetu zimelala kabatini: harusi, maulidi, vikao vya UWT (Umoja wa Wanawake wa Tanzania). Mnaojua kuziokoa, zinaharibikia wapi hasa?

FundiRedio: Pale unapobonyeza pulei. Kanda iliyokaa miaka imejishika. Ukiipiga hivihivi redio inaimeza, inajisokota kwenye rola; ukivuta kwa hasira unatoka na tambi. Kwanza chungulia kidirishani. Ukiona unga mweupe ni kuvu, usiitie kwenye redio nzima, itaambukiza kanda nyingine. Kama ni safi, ipeleke mbele mpaka mwisho, irudishe, ndipo uipige. Hedi (kichwa cha redio kinachosoma kanda) na rola zifute kwa spiriti na pamba. Ndani ya kaseti kuna kisifongo kidogo juu ya kibati, kinachokandamiza kanda kwenye hedi; kikibanduka bibi anasikika kama yumo mtungini. Hamishia kanda kwenye ganda lenye skrubu. Ikikatika, selotepu marufuku: gundi inavuja, mizunguko inagandana. Tumia utepe wa kuungia kanda. Ukihamishia kwenye kompyuta, rekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa), 48 kHz, biti 24. Dakika 60 zinakula kama GB 1.

BintiPwani: Hapo kwenye selotepu, kweli tupu.

Bandomoja: GB 1 ya nini? MP3 inatosha, bibi si Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar.

FundiRedio: MP3 ni ya kutuma kwa WhatsApp, mkuu. Inapunguza sauti ili faili liwe dogo, na kilichokatwa hakirudi.

Mzee78: Mmemtaja Siti, aliyerekodi Bombay 1928! Mwenye santuri za enzi zile asizifute kwa spiriti. Zile ni za lakri, zinayeyuka. Na sindano ya LP (santuri za plastiki za baadaye) ni nyembamba mno, inaburuzika chini ya mfereji. Tafuta ya santuri za 78, yaani za mizunguko 78 kwa dakika.

Somo: Kanda za unyago, mafunzo ya siri ya wanawali, msiziguse. Mambo ya ndani yale.

Bandomoja: Mbona Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar, alipiga msondo, ngoma ya unyago, jukwaani?

Somo: Ngoma ni ngoma, mafunzo ni mafunzo. Muulizeni mwenyewe aliyeimba. Akikataa, andikeni mwaka na waliokuwepo, mwishie hapo.

BintiPwani: Na majina jamani! "Mama Juma na wenzake", Mama Juma yupi? Andika jina lake, la babake, mtaa. Mwaka kama haukumbuki, muulize: kabla ya Vita vya Kagera au baada? Mtoto yupi alikuwa mgongoni?

FundiRedio: Halafu vunjeni vile vijipembe viwili nyuma ya kaseti, mjukuu asije akamrekodia bibi Bongo Fleva juu yake.