Babu alifanya kazi reli: niende Nairobi, nibaki Dar au nilipe mtu London?

Mjukuu77: Wakuu, mwezi ujao nina likizo ya wiki mbili na akiba kidogo. Babu alifanya kazi reli, natafuta kumbukumbu zake za kazi. Niende Nairobi, nibaki Dar kwenye Nyaraka za Taifa, au nilipe mtu anichimbulie London?

Stesheni_Kigoma: Reli ipi? Kazi gani, kituo gani, mwaka gani? Maana "reli" ni kama kusema alifanya kazi serikalini.

Mjukuu77: Gadi wa treni, Tabora. Alistaafu kama 1965.

Mzee_wa_Mataruma: Basi mwajiri wake ni East African Railways and Harbours. Reli ya Tanganyika iliunganishwa na ya Kenya na Uganda 1948, makao makuu Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 kila nchi ikabeba chake. Nairobi, mkuu.

BintiMuthurwa: Makumbusho ya reli pale Nairobi nayapenda, lakini ni ya injini na picha. Jina la gadi wa Tabora usilitegemee. London ndiyo kabisa, utasoma barua za mabwana wakubwa wa kikoloni.

Nilishaliwa: Usilipe mtu kabla hujasoma hapa. Mimi nilimlipa jamaa nusu kwanza. Baada ya miezi miwili akaniletea picha za faili, jina la babu lile lile, ukoo mzima tukalia kwa furaha. Shangazi akavaa miwani: baba wa huyo mtu siye, kabila siye, na alifukuzwa kazi kwa ulevi wakati babu hajawahi kuonja pombe! Kumdai hela, simu haipokelewi. Tafuta kwanza namba yake ya kazi kwenye karatasi za pensheni.

Stesheni_Kigoma: Kweli. Waulize na wazee wa kota za reli kabla hawajatuacha.

Pwani_Safi: Mnasahau Wahindi ndio walioijenga, elfu 32.

Mzee_wa_Mataruma: Hao ni wa Mombasa hadi Kisumu, 1896 hadi 1901. Reli ya Kati ni ya Mjerumani, ilifika Kigoma 1914. Tusichanganye.

Mjukuu77: Wakuu, mama kapiga simu. Kumbe babu alianzia Voi, kule Kenya, Tabora alihamishiwa tu.

BintiMuthurwa: Ona sasa! Anza upya.

Pwani_Safi: Voi ile ya simba wala watu?

Mzee_wa_Mataruma: Simba walikuwa Tsavo, 1898. Wewe kijana vipi?