Mahari imekwisha kupokelewa na msichana ana miaka 16: je, sheria inafika kwenye ndoa ya kimila?

Mama Mdogo, Katuba:
Ndugu wa Lubumbashi, ninaomba mwanga. Mtoto wa dada yangu ana miaka 16 na yuko sekondari. Tangu baba yake afariki, baba yake mkubwa ndiye anayeamua kila jambo, naye amepokea sehemu ya mahari kutoka kwa mfanyabiashara anayemkaribia yeye baba mkubwa kwa umri: dola, mbuzi wawili, vitenge vya mama, na gunia la unga ambalo bukari (ugali) yake tumekwisha kuila. Nilipouliza niliambiwa kwamba hii ni ndoa ya kimila, haitaandikwa komini (ofisi ya serikali ya mtaa), hivyo serikali haihusiki, na kwamba mtoto mwenyewe amekubali. Alikubali mbele ya wazee wote wa ukoo, akikunjakunja pindo la kitenge chake bila kuinua macho. Je, ni kweli sheria haifiki huko?

Wakili, Kamalondo:
Mama, inafika. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na nadhani wazee wengi bado wanaikumbuka hiyo. Lakini sheria ya 2009 ya kumlinda mtoto ilikataza uchumba na ndoa za watoto, na marekebisho ya Julai 2016 yaliweka miaka 18 kwa msichana na mvulana sawasawa. Kutoandikisha ndoa hakuwaokoi. Sheria ya 2006 kuhusu ukatili wa kingono inamwadhibu mwenye mamlaka ya mzazi anayemlazimisha mtu kuolewa, kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 12 pamoja na faini, na adhabu ya chini huongezwa maradufu ikiwa aliyeozwa hajafikisha miaka 18. Mwanamume naye, akilala na msichana huyo, anahesabiwa kuwa amembaka, hata kama ukoo mzima ulimkabidhi kwa vigelegele.

Mzee wa Ruashi:
Wakili, umesema vema, lakini gereza halilipi karo. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, ila sekondari bado tunalipa, na mjane hana kitu. Ukimfunga kaka wa marehemu, nani atawasaidia watoto waliobaki?

Mama Mwalimu, Kampemba:
Mzee wangu, kwa heshima zote, umaskini huo ninauona darasani kila muhula, na sijaona msichana hata mmoja aliyerudi shuleni kwa sababu aliolewa na mwenye pesa. Mbuzi walipokelewa na watu wazima. Deni ni lao, nao waketi na upande wa pili wapange kulirudisha, bila mtoto kutumwa huko kama rehani. Mama Mdogo, tafuta kwanza karatasi inayoonyesha umri wake, kwa maana wataanza kusema ana miaka 19. Kama kuzaliwa kwake hakukuandikishwa, mahakama ya watoto inaweza kutoa hukumu ya kuthibitisha. Kadi ya ubatizo na ya chanjo zitasaidia.

Mama Mdogo, Katuba:
Asanteni sana. Kadi ya ubatizo anayo dada yangu. Ukoo unakutana Jumapili. Nitawasomea maneno ya wakili, na mtoto atakuwa kwangu, si katika kikao hicho.